Siku Tatu za Sumaku

Mzee Rajabu,

Nakuandikia nikiwa Oli, nyumbani kwa mama, viatu bado vina vumbi la barabara ya Koboko. Jana tumesoma arobaini yako. Watu walijaa, wali ukaisha mapema, na wewe ungenung'unika kwamba chai ilikuwa nyepesi.

Nianze na habari za kazini Kampala, maana ndizo ungeniuliza kwanza. Mashine yetu ya sumaku, ile ya kuchunguza dawa, imepata ile kompyuta tuliyoiomba chuoni mpaka tukachoka. Unakumbuka wanakemia walivyotuletea dawa ya mizizi kiduchu kwenye kichupa, mashine ikachora mstari mtupu? Sasa inaisikiliza dawa hiyo hiyo mara mamia, inajumlisha, na kalamu inachora vilele safi. Siku ya kwanza wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya maabara nikalia, mtu mzima na koti jeupe.

Kabla hujastaafu ukarudi Lobule, wewe ndiye uliyenifundisha kuosha vile vichupa vyembamba bila kuvunja hata kimoja. Siku moja ukanitazama, ukasema, "Mukono yako iko mwepesi. Siku yangu ikifika, wewe utaniosha." Nilicheka, nikakubali. Hukuwa na mtoto wa kiume, na wakati huo ulikuwa bado unanishinda kupanda ngazi.

Telegramu ya kuniita kwako, kwamba unaumwa, ilifika Jumatatu asubuhi. Fundi wa ng'ambo aliyekuja kufunga kompyuta alikuwa amebakiza siku tatu aondoke, na sumaku tulikuwa tumeiwasha jana yake tu, bado inatulia. Ulinionya mwenyewe: mwenye sumaku haondoki mpaka itulie, na ikizimika unaanza upya. Fundi angepanda ndege, kazi ya miaka ingebaki masandukuni. Nikajiambia Mzee ana homa tu, nitakwenda Ijumaa. Nilijidanganya. Nani anatuma telegramu kwa ajili ya homa?

Ulifariki Jumatano, ukazikwa Lobule kabla ya alasiri. Ningepanda basi Jumatatu ile ile ningekukuta hai. Aliyekuosha ni jirani yako muuza mihogo. Wanasema alifanya vizuri. Naona wivu, Mzee, na naona aibu kwa wivu huo.

Jana mkeo, Mama Zainabu, aliniita pembeni. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Akasema, "Mzee aliuliza wewe kila saa. Mimi nikasema, Yasini iko njiani. Basi, akalala."

Sikuwa njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, naangalia mshale wa mita.

Nenda salama, mwalimu wangu, Mungu akupokee kwa upole. Mama Zainabu amebaki peke yake, na anwani yangu ya kazini nimemwachia imamu. Siku nikiitwa kwa ajili yake, nitaizima mashine kwa mkono wangu, hata iwe inapima nini, nije.

Ni mimi, mwanao wa kazi,
Yasini