Utepe wa Baba wa Kupimia

Kaka yangu,

Hupokei simu tangu juzi, ndiyo maana naandika. Cherehani ya baba nimeifunika, na wateja wake nimewaambia wavute subira.

Nyoka alipomuuma mkononi nilikupigia, ukaniambia, "Funga, kaza sana." Nikafunga kwa utepe wake wa kupimia, tukakaa nao njiani kwa saa tano. Dawa ya sumu imefanya kazi. Lakini daktari anasema kilichoua vidole ni ule utepe kuzuia damu. Kesho asubuhi anakata vitatu.

Baba ameuliza nani alinifundisha kufunga vile. Nimemwambia ni akili yangu mwenyewe.

Kwa hiyo akikupigia, pokea. Hajui.

Ni mimi, mdogo wako.