Salamu ya Babu Spoku

Jumatatu, 4 Machi
Tumefika! Wiki mbili. Fundi, mume wangu, anafunga friji za chanjo kwenye zahanati yao mpya, nami nimedandia safari. Fungate yenyewe hatukuwahi kuiona, basi ndiyo hii. Ukuta wa hoteli una matundu ya risasi, yamezibwa kwa saruji, hata rangi hawajapaka. Pale mapokezi Fundi akajitia kujua lugha yao. Akatoa salamu ya heshima aliyofundishwa na Babu Spoku, yule mkimbizi wa kutoka huku, mtengeneza baiskeli anayepanga kwa mama. Dada wa mapokezi akaangusha kalamu, akainua viganja vyote viwili. Tukacheka. Kumbe ndivyo wanavyoitikia!

Jumanne, 5 Machi
Kila akisalimu, watu wanaonyesha viganja. Hakuna anayetabasamu. Muuza mkate alikataa hata hela yetu. Nimemwambia Fundi aache, anadai namwonea wivu. Haya bwana, msomi!
Dereva wa zahanati akauliza kafundishwa na nani. Fundi, na mdomo wake usio na breki, akatoa simu: picha ya harusi yetu, Babu Spoku katikati, kavaa koti la marehemu baba. Nyuma yao kibao cha duka la mama, na jina la mtaa. Dereva aliitazama mpaka kioo kikazima. Akaomba atumiwe. Akatumiwa.

Alhamisi, 7 Machi
Sijala. Nesi wa zahanati kaniita stoo ya dawa, kanieleza kwa Kiingereza. Ile si salamu. Ni "toa mikono nione". Wakati wa vita waliisema wenye bunduki vizuizini, wao tu. Mwenye viganja laini alishushwa kwenye gari. Kaka yake nesi alikuwa mwalimu. Alishushwa.
Mungu wangu! Babu Spoku aliyemuuguza mama mwezi mzima, akimkorogea uji! Fundi anasema labda mzee aliambiwa tu hivyo, naye akalishika neno. Labda. Lakini nani aliyeonyeshwa bunduki akaja kuliita heshima?

Ijumaa, 8 Machi
Dereva hajaja kazini. Hapokei simu.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne asubuhi. Niko stoo, simu sikioni, naandika ili nisipige kelele. Nilimpigia mama. Ana furaha tele — eti wageni wetu wamefika, vijana wanne, wapole, wanaongea kama Babu. Wamesema tumewatuma sisi. Wanamuulizia Babu. Kawapa chai.
Nikasema mama, usi—
Usi nini? Nesi yuko mbele yangu, kakumbatia boksi la sindano. Kiswahili hajui, ila jina la Spoku analijua sasa. Ananitazama tu. Nikanyamaza. Mimi!
Mama kasema ngoja amwite, yuko uani anajaza tairi upepo. Hajakata simu. Nasikia ndala zake. Fungua mdomo, we mwanamke! Anaita — Babu, Babu wee, njoo, una wageni kutoka kwenu.