Pazia la Mama Lilivyokwenda Maonyeshoni

Buguruni, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako la kushoto liwe limepoa na shemeji awe ameacha kukohoa. Nisalimie majirani wote wa Buzebazeba, hasa wale waliosema sitafika hata Tabora. Waambie nimefika na nimepita. Mimi nakula, nalala, na Oswald aliyenipokea hapa Buguruni, yule Oswald wa Rusimbi tuliyemjua akiuza mawese, ananitunza kama mgeni wa serikali.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Dada, unanijua. Kwenye simu mdomo wangu hutangulia, mimi nabaki nyuma nikiukimbilia. Na wewe nawe hukata. Barua huwezi kuikata katikati. Utaichana tu, na ukishaichana utaunganisha vipande ujue iliishaje.

Najua pia kwamba jambo la kwanza unalotaka kusikia ni pazia la mama. Sijasahau masharti uliyonipa uliponifungulia sanduku: lioneshwe, likunjwe, lirudi kama lilivyo, kwa sababu mwanao Ummy anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na hakuna binti wa nyumba yetu aliyeingia chumbani kwa mumewe bila kupita chini ya pazia lile. Wewe ulipita, ndugu yetu Hadija alipita. Nitalifikia. Niache kwanza nieleze safari, maana safari ndiyo iliyolifikisha pale lilipofika.

Kwenye treni behewa zima lilinijua kabla hatujafika Uvinza. Niliwaambia nimealikwa na mabwana wa mapazia wa dunia nzima, kwamba maonyesho hayafunguliwi mpaka mtu wa Ujiji afike. Wewe unajua kadi ya mwaliko ilikuwa ya tajiri wa pale Mwanga ninayemfungia mabomba ya mapazia, na kwamba mgongo ndio uliomzuia kusafiri. Behewa halikujua. Mama mmoja alinipa kuku mzima wa kukaanga kwa heshima hiyo, na mimi sikutaka kumharibia furaha yake.

Sasa ukumbi wa maonyesho. Dada, ukichukua soko lote la Ujiji ukaliweka mle ndani, litabaki kwenye kona likitafuta mlango. Na humo kuna madirisha, mamia ya madirisha, yamesimama bila nyumba. Unachungulia dirishani kwa adabu, unakuta upande wa pili kuna mtu mwingine naye anachungulia. Kuna mapazia ya mbao, ya mabati, ya karatasi, kuna shia, vitambaa vyepesi ambavyo ukihema vinacheza. Kuna pazia la rimoti. Kuna jingine unaliambia neno kwa Kiingereza linafunguka lenyewe. Nikaliambia kwa Kiswahili, kimya. Nikalisalimia kwa Kiha, mwakeye, halikuitika. Nikamwambia mwenye banda kwamba pazia lake ni zuri ila halikulelewa vizuri.

Kuna kitambaa kimoja kizito kisichopitisha mwanga hata chembe. Walinifunika nacho kichwa, nikawaambia kwetu kikifungwa hicho mchana, kuku wanapanda kulala. Halafu nikawapa habari ya upepo wa ziwa letu, jinsi ulivyonyanyua pazia la bwana mmoja wa Kagunga pamoja na bomba lake, kitanda chake na mwenyewe juu yake amelala, akaja kuamka Kongo akiulizwa pasipoti. Walicheka sana. Wawili waliandika kwenye daftari.

Lakini kuna desturi pale ambayo hakuna aliyenieleza kabla sijatoka Kigoma. Kila banda ukisimama wanakupa kipande cha kitambaa chao, ukubwa wa kiganja, kimebandikwa jina. Wanaita sampuli. Na wewe unatoa cha kwako unawapa. Ndivyo wanavyojuana. Kufika adhuhuri mfuko wangu ulikuwa umejaa hadi mdomoni, na mkono wangu haujatoa kitu. Unakumbuka mama alivyotulea: sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni mchicha, hata kama ni chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Nilikuwa natembea na sahani hamsini za watu, zote tupu.

Alikuwepo mama mmoja wa Arusha anaitwa Diana, ana duka kubwa la mapazia, mnene, sauti kama honi ya meli. Akaniuliza mbele za watu, fundi wa Kigoma umekuja maonyeshoni au umekuja kuokota. Banda zima likaangua kicheko. Nami ndipo nikafungua begi nikalitoa pazia la mama, nikalitundika kwenye dirisha lake mwenyewe.

Dada, ungekuwepo. Wale watu waliacha rimoti zao. Walisogea mmoja mmoja, wakalishika kwa ncha za vidole kama wanavyoshika mtoto mchanga. Wakahesabu picha zote thelathini na sita alizodarizi mama juu ya kitambaa kile cha marikani, samaki mgebuka, mchikichi, mwezi, jiko, mtumbwi wenye taa. Waligeuza upande wa nyuma wakaona ni safi kama mbele. Mturuki mmoja mwenye kiwanda kwao alisema kupitia mkalimani kwamba miaka thelathini ya kazi hajaona mkono kama ule. Diana yule yule akanyamaza. Kumnyamazisha Diana peke yake ni hadithi.

Hapo ndipo ningefunga begi nikarudi nyumbani. Lakini waliuliza nani ameshona, na mdomo ukatangulia. Nikasema ni kiwanda changu, Ujiji, kando ya ziwa. Wakauliza mafundi wangapi. Nikasema arobaini. Nikaona wanaamini, nikaongeza kwamba tunatoa majora kwa majora na meli inasubiri.

Kama umesimama, dada, kaa chini.

Yule Mturuki akaomba sampuli. Kidogo tu, picha moja. Na mtu mwenye mafundi arobaini na majora melini hawezi kusema kitambaa kipo kimoja duniani. Nikaomba mkasi.

Nilianzia chini. Nilijiambia pindo haliko mbali na sakafu, nani ataliona. Mturuki akachagua mwenyewe, akachukua picha ya kona. Kisha wa pili akaomba, wa tatu akanyoosha mkono, na kila aliyenipa sampuli asubuhi alikuja kuchukua ya kwangu. Nami nilikata. Nitakuambia kweli, nilikata kwa furaha. Nilijisikia mkubwa. Nilimtumia mama mwenyewe kujitetea moyoni, kwamba sahani hazirudi tupu. Niligawa picha ishirini na tatu.

Asubuhi yake nilimfungulia Oswald begi ili nimsimulie. Akalishika lililobaki kwa ringi zake, akalinyanyua. Lilikuwa fupi kama kitambaa cha meza. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama wewe unajua. Niliiacha chai mezani nikafunga begi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho. Nikarudi, nikapita banda kwa banda kudai vipande vyangu, na hakuna anayerudisha kitu bila kuuliza sababu. Kwa hiyo kila banda nilisema upya: sina kiwanda. Sina fundi hata mmoja. Mimi kazi yangu ni kutoboa ukuta na kufunga mabomba. Pazia ni moja tu, alilishona mama yangu miaka mitatu baba akiwa kwenye biashara zake ng'ambo ya ziwa, mama amekufa, na mpwa wangu anaolewa. Nilisema hivyo mpaka sauti ikakauka. Wengine walicheka, mmoja aliwaita wenzake nirudie. Mzee mmoja alinirudishia chake, akanipa na maji. Unaweza kufikiri uongo ni mzigo, dada, lakini mimi nimebeba uongo maisha yangu yote na haujawahi kuniumiza bega. Ule ukweli wa siku moja ndio ulionivunja mgongo.

Nilipata kumi na saba. Sita zimepotea. Moja walishaibandika kwa gundi kwenye kitabu chao cha sampuli, moja bwana aliifutia mafuta ya sambusa, tatu wenyewe walikuwa wameshafunga mizigo wakaondoka. Na ya Mturuki ilikuwa imeshaondoka na ndege alfajiri.

Hiyo ya Mturuki ni kuku wako.

Ndiyo, kuku wa kona ya chini, uliyemshona wewe ukiwa na miaka minane, mama alipokupa nafasi moja ujaribu mkono wako. Yule ambaye nilikucheka utoto mzima nikisema ni mbuzi. Katika picha thelathini na sita Mturuki alimchagua huyo. Mkalimani alisema amempenda kwa kuwa anaonekana ameshonwa na mtu aliyekuwa anafurahi. Nilijua ni wako nilipokuwa nafunga mkasi, na nikampa.

Diana wa Arusha ndiye aliyenisaidia. Alicheka kwanza mpaka akakalia jora la kitambaa, kisha akarudisha kipande chake, akanipa sindano, uzi, na marikani mpya ya kuweka nyuma. Akanionyesha jinsi ya kuunganisha. Alisema ajabu ya dunia ni fundi wa mapazia wa miaka ishirini asiyeweza hata kupitisha uzi tunduni. Siku tatu sasa nashona barazani kwa Oswald, na wapita njia wananiuliza kama naolewa mimi.

Nimemaliza leo. Mishono yangu imepinda kama pwani ya kwenda Kagunga, usiitafute iliyonyooka, haipo. Palipopotea picha nimeweka vipande walivyonipa wao. Mahali pa mwezi kuna kile kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Mahali pa mgebuka kuna kitambaa cha fedha kinachong'aa kama dagaa juani. Kwenye kona sikuweka sampuli ya mtu. Nimeshona kuku mwenyewe. Nimemfumua mara nne. Dada, ametoka mbuzi. Sasa ni zamu yako kucheka.

Mzigo huu na barua atakuletea Regina, mdogo wake Oswald, anayeondoka na treni ya kesho. Mimi nitafuata na treni ya baada yake. Nimeogopa kuja pamoja nalo. Fanya hivi: ukiona linafaa kwa Ummy, litundike mlango wa mbele. Nitashuka sokoni Ujiji nije kwa miguu mpaka kwenu, wala sitapiga hodi. Nikiliona mlangoni nitaingia, na bomba la chumba cha Ummy nitalifunga kwa mkono wangu. Nikikuta mlango mtupu nitapita kama msafiri, niende Rusimbi kwa rafiki yangu Nikodemu, na harusi nitaisikilizia ngoma zake huko huko. Sitakulaumu.

Msalimie shemeji, msalimie Hadija na wanawe. Ummy usimwambie kitu mpaka uamue wewe. Oswald na mkewe wanawasalimu nyote, na wanakuomba mawese, hata chupa moja. Mwenyezi Mungu atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Mwinshehe,
mfunga mabomba ya mapazia.

Kuhusu yule bwana wa Kagunga na kitanda chake, hiyo ni kweli kabisa.