Wimbo wa Baba Sikuuza

Lusahunga, Biharamulo
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Najua ukiisikia salamu hii utanyamaza, na Kabula atakaa na karatasi mkononi akisubiri. Dada, endelea kusoma tu, hata kama Mama amegeukia ukuta. Usiruke neno, na mahali nilipokasirika usinilainishe.

Magoti yako yanasemaje, Mama? Mvua imeshuka huko Kishapu au bado mnaangalia mawingu yakienda kwa watu wengine? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi ni mzima, kwa uzima wa mtu anayelima shamba la mwenzake. Mahindi ya Mzee Festo, huyu Msubi, mwenyeji wa huku, ninayemlimia, yamefika magotini, na mgongo wangu ndio ulioyafikisha hapo. Siku ambazo hakuna kulima nashusha mizigo kwenye malori yanayokwenda Rusumo. Nakula, nalala, sina homa. Ya afya ni hayo.

Sasa nije kwenye hasira yangu, halafu na yako.

Mwezi uliopita nilikupigia simu mara nne hukupokea. Mara ya tano alipokea Kabula, akaongea kwa kunong'ona: "Shija, Mama amesema usimpigie tena. Amesema hukupata nauli ya kuja kumzika baba yako, lakini soko la kumuuzia umelipata." Akakata. Nilikuwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji, na nilikaa hapo mpaka dereva akaniuliza kama ninaumwa. Mama, naapa kwa aliye kaburini, sikujua nimeuza nini.

Nilikwenda kumuuliza Edson, Mhangaza wa Mbuba ninayefanya naye kazi, maana yeye ana simu ya kuangalia picha. Akanishangaa. "Kwani hujui? Wimbo wako uko mtandaoni. Baa zote za Nyakanazi zinaupiga. Mimi nilidhani umeshakula hela zako ukatuficha."

Akaufungua. Anaimba mtu anayeitwa Meshaki, na nyuma yake kuna ngoma za mashine. Maneno ni yangu, neno kwa neno: jembe lako limeliwa na ardhi mpaka limekuwa kijiko, na hukumwambia mtu kwamba umechoka. Lakini pale ninaposema "Ngasa, baba yangu", yeye anamtaja mwenye duka la mabati wa pale Nyakanazi. Mtu aliye hai, ana kitambi, hajawahi kulima ngwe moja tangu azaliwe, anaimbiwa kwamba jembe lake limekuwa kijiko! Kijiko anacho kweli, ila hakijawahi kuwa jembe.

Na chini ya wimbo wameweka kipande cha video. Nipo mimi shambani, jasho linanitoka, nasema: "Chukua, ni wako." Najua hicho kipande ndicho kilichofika huko kwenye simu za watu, ndicho ulichoonyeshwa. Nami ningekuwa wewe ningegeukia ukuta.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Wakati wa palizi ya msimu uliopita tulikuwa watu kumi na wawili kwenye shamba la Mzee Festo, Wasukuma saba na wenyeji watano, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza wimbo. Nilikuwa naimba wimbo wa Baba. Nilikuwa nauimba kila siku, maana hapa hakuna kaburi la kwenda kulitazama. Meshaki alikuwa anapita na pikipiki, akasimama, akatoa simu, akaturekodi. Tulipofika mwisho wa ngwe akaja kwa adabu, simu bado inarekodi, shikamoo nyingi, akasema, "Mzee, naomba huo wimbo."

Mama, wewe ni binti wa manju, mtunzi na mwongoza nyimbo. Kwenu mtu akiomba wimbo anaambiwa hapana? Anaambiwa chukua. Na anayechukua anajua sharti lake bila kuambiwa: kabla hajafungua kinywa kuuimba, anamtaja kwanza aliyeutunga na aliyetungiwa. Asipowataja, watu wanaacha kuitikia na majembe yanalala chini. Mimi nilimjibu kama ambavyo babu angemjibu. Sikujua kwamba naongea na mtu asiye na watu wa kumnyamazia. Mtandaoni hakuna anayelaza jembe. Wanamwitikia yeyote tu, hata mwizi.

Hilo ndilo kosa langu, na ninalikubali. Lingine lolote silikubali.

Nilimfuata Nyakanazi kwenye chumba chake cha kurekodia. Alinikaribisha soda, nikaikataa.

"Mzee, wimbo wako una hati?" akaniuliza. "Umeusajili wapi? Ulisema chukua, na ushahidi ninao hapa."

"Nilisema chukua ukaimbe. Sikusema chukua umtoe baba yangu."

"Mbona unakuza mambo? Jina ni jina tu. Weka sahihi hapa, nami nitakuwekea lako mwishoni."

Akanipa karatasi. Niliishia darasa la tano, unajua, na ninasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini nilisoma mpaka mwisho. Ilisema nimempa maneno yote kwa hiari yangu, milele. Neno milele nalijua, tunaliimba kanisani. Nikamrudishia karatasi yake nikamwambia nitamshtaki.

"Utanishtaki kwa nani? Kwa mahindi?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Edson akasema basi na sisi tuuweke wetu. Akanirekodi nikiimba na jina la Baba likiwa mahali pake, akauweka mtandaoni. Siku ya pili ukafutwa. Likaja tangazo kwamba kazi hiyo ina mwenyewe na tumeitumia bila ruhusa yake. Meshaki alikuwa ameulalamikia. Mama, mimi nimeitwa mwizi wa msiba wangu mwenyewe! Siku ile nililima mpaka mpini ukapasuka.

Nikaenda polisi. Askari wa kaunta akaniuliza, "Umeibiwa nini?"

"Wimbo."

"Ulikuwa umeuweka wapi, chini ya godoro?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, hata mama mmoja aliyekuja kulalamikia kuku wake. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Ndipo akatoka afande mmoja mwanamke ofisini, akasema, "Baba, ingia huku." Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa.

Akaniambia, "Wimbo ni wa aliyeutunga, uwe umesajiliwa au haujasajiliwa. Hiyo ni Sheria ya Hakimiliki. Na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mtu akitumia mtandao kuiba kazi ya akili ya mwenzake, ni kosa. Kuna faini na kuna jela. Sheria haiulizi umesoma mpaka darasa la ngapi."

Nikamwambia ashukuriwe Mungu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwandikia Meshaki tusi kwenye simu yangu la kumtumia.

"Umelituma?"

"Bado."

"Lifute hapa hapa nikiona. Na hilo ni kosa, utakuwa mshtakiwa wewe."

Nikalifuta. Lilikuwa tusi zuri, Mama, la kwetu kabisa, lenye mwanzo na mwisho. Nimejifunza kwamba sheria inamlinda hata Meshaki na mdomo wangu. Sawa. Lakini inilinde na mimi.

Alhamisi afande alituita wote wawili. Meshaki alikuja na simu yake na ile "chukua" yake, akaicheza mara tatu, akasema huo ni wimbo wa shambani tu, hauna mtunzi. Afande hakubishana naye. Alimwambia tu, "Imba." Akaimba vizuri, sitasema uongo, sauti anayo. Alipomaliza ubeti wa tatu akanyamaza.

"Malizia."

"Umeishia hapo, afande."

Afande akanigeukia. "Na wewe?"

Unakumbuka siku ya matanga, Mama. Mjomba aliweka simu katikati ya watu, mimi nikaimba kutoka huku nanyi mkaitikia. Kisha ukaichukua ile simu ukaiweka sikioni mwako, na ule ubeti wa mwisho nikakuimbia wewe peke yako. Huo sijawahi kuuimba shambani. Edson haujui. Meshaki angeupata wapi?

Niliuimba pale ofisini nikiwa nimesimama, mikono haijui ishike nini kwa sababu hakuna jembe. Yule askari wa kaunta aliacha kuandika. Meshaki akasema, "Huo kautunga jana."

Nilitaka kumrukia. Afande akanyoosha kidole, nikakaa. Akasema, "Anachosema kinawezekana. Sheria ninazo, ninachokosa ni shahidi. Nani aliwahi kuusikia ubeti huo kabla wimbo haujaingia mtandaoni?"

Nikasema, "Mama yangu." Akaniuliza, "Na nani mwingine?" Nikasema, "Hakuna mwingine."

Kwa hiyo, Mama, utaitwa kituoni hapo Kishapu. Usiogope, hujakosa kitu. Afande ametuma maombi kwa wenzake wachukue maelezo yako. Watakuuliza wimbo ulivyokuwa siku ile, na watakuomba useme ubeti wa mwisho. Mimi nimekatazwa kukukumbusha. Ndiyo maana siuandiki hapa hata neno moja, na ndiyo maana sasa hata ukikubali kupokea simu yangu sitakupigia mpaka uwe umetoka kituoni. Barua hii afande ameisoma kabla sijaifunga. Pale chini utaona mstari umefutwa kwa wino mweusi. Ni yeye, ulikuwa unamhusu Meshaki.

Usimwimbie mtu ubeti huo njiani, hata jirani, hata akisema anakuonea huruma. Akiinua simu, funga mdomo.

Meshaki alimtuma mtu kwangu jana. Anasema ataweka jina langu na la kwake pamoja, tugawane, bora tu la mwenye mabati libaki kwa sababu ndiye aliyelipia video. Nimemwambia aliyetumwa kwamba mgongo wangu nauza kila siku, aje aununue huo.

Msalimie Mjomba mwenye redio, aliyeshika simu siku ya matanga. Msalimie Shangazi mdogo, dada wa Baba, na umwambie aache kunitaja vibaya kisimani mpaka utakapotoka kituoni. Baada ya hapo aseme apendavyo. Msalimie shemeji, mume wa Kabula, na mama mkwe wangu, ambaye najua ameambiwa. Mzee Festo anakusalimu. Siku nilipokwenda polisi alilima ngwe yangu yeye mwenyewe, mzee wa miaka ile.

Mama, sikuombi unihurumie. Wakikuita, weka hasira yako nyumbani kwa asubuhi ile moja, utaikuta ukirudi. Kama ubeti umekutoka, sema umekutoka, usibahatishe wala usinitungie. Wimbo utabaki kwa Meshaki, nami nitaendelea kulima na sitakulaumu. Lakini kama upo, useme wote, taratibu, askari apate kuandika. Na akikuuliza wimbo huu alitungiwa nani, litaje jina lake lote, umsubiri aliandike, kisha umwambie akusomee alichoandika.

Ni mimi mwanao uliyenizaa,
Shija Ngasa