Kadi Isiyo na Riba

Jumatatu, 6 Oktoba

Niwie radhi, daftari. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, sijakushika. Salma ameota meno mawili ya juu na kila siku yanipita bila kalamu. Kwa kuwa hakuna mwingine asomaye haya, basi nafsi yangu ndiyo naiomba radhi.

Leo kama jana. Maji, uji, nepi, sakafu. Mume wangu Famau hapigi mbizi tena. Sikio lake la kushoto latoa usaha, na mzamia kamba asiye na masikio hana kazi hapa Kizingitini. Ashinda barazani. Akiingia ndani atafuta kosa, na kosa halikosekani.

Baada ya adhuhuri kaja mtu wa kadi. Mtu wetu, wa pwani, kanzu imepigwa pasi, salamu ndefu mpaka kwa wafu wetu. Kakaa uani kwa mama mkwe wangu, Bi Rehema, wanawake kumi tumemzunguka. Kadi ya mkopo. Waenda nayo dukani, wachukua utakacho, walipa polepole. Haina riba, asema. Neno hilo ndilo lililowalegeza. Benki twaikimbia kwa ajili ya riba. Mtu akisema haina, mlango ushafunguka nusu.

Ataka vitambulisho vyenyewe, si picha. Avipeleke Lamu siku tatu avirudishe. Ataka na namba ya siri ya simu, ati kadi imjue mwenyewe. Na ada ndogo ya kufungulia.

Tisa wametoa. Wala siwalaumu. Huku tumezoea kuacha vitambulisho: kwa mwenye boti, kwa askari, kwa yeyote aliyeshika rejista na kalamu. Akinyosha mkono tu, nasi twanyosha.

Mimi nimesema changu sijui kilipo. Uongo. Kilikuwa kwenye fundo la leso, kifuani. Miaka miwili nilikifuata. Nilikaa mbele ya wazee nikaulizwa babu wa babu yangu kazikwa wapi. Simpi mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikulala vizuri. Kitu kilinikera na sikukijua ni nini. Leo, nikipepeta mchele, nimekijua.

Hakutuuliza tutalipa na nini.

Mwenye duka hapa chini, kabla hajakukopesha kibaba cha unga, akuuliza mume katoka lini, kamba wauzwa lini, na deni la juzi je. Anayekopesha aogopa kutolipwa. Huyu hakuogopa. Wanawake kumi, wengine hawana hata kuku, na hakuuliza neno. Basi si mkopeshaji. Alikuja kuchukua.

Nimekwenda kwa Mutua kuhakikisha. Mutua ni Mkamba wa bara, auza simu na kusajili laini kwenye kibanda karibu na gati. Nimempa habari yote. Kanisikiliza, kisha kacheka bila furaha.

"Mama Salma, hiyo ni ukora. Namba ya siri ukimpa mtu, umempa mfuko na mkono wa kutoa. Na kitambulisho juu? Anaenda kubadilisha laini zenu, anakopa kwa majina yenu, na nyinyi ndio mtatafutwa."

Nimerudi nikawaambia uani. Bi Rehema kanitazama. "Mwanangu, mtu amewasalimu wafu wetu, wewe wamwita mwizi? Umeyapata kwa yule wa bara?"

Nikarudi kwenye ungo wangu. 

Jumatano, 8 Oktoba

Famau kanipiga kofi. Moja, la mkono mzima. Kosa: nimekwenda kwenye kibanda cha mwanamume kujadili mambo ya nyumba yake. Nilikuwa nimembeba Salma. Mtoto hakulia. Alinitazama mdomo.

Nayaandika ili nisije nikajiambia hayakuwa.

Yeye aitaka kadi kwa ajili ya mashine ya boti. Akiwa na mashine hatazamia tena, atabeba watu na mizigo. Hilo nalielewa. Namhurumia hata. Kitambulisho chake kilizama mwaka jana na kipya hakijatoka. Kilichobaki ni changu. Mtu wa kadi apita tena kesho, amwambia kwa simu, mwisho kesho.

Kila mwizi ana kesho yake ya mwisho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amepasua mto. Amemwaga unga. Amevunja sanduku langu la harusi kwa nyundo, na ufunguo ulikuwa ukutani. Akitafuta.

Kisha akakumbuka kifua. Kanishika shingo kwa mkono mmoja, wa pili waelekea fundo la leso. Nimemng'ata. Si kidogo. Nimeng'ata mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Kapiga yowe, kanisukuma ukutani, nikaona weusi.

Jirani yangu Mwanamkuu kaingia bila hodi, kamchukua Salma, kasimama mlangoni.  Yeye mwenyewe ni mmoja wa wale tisa.

Mtu wa kadi alipita, kasema vitambulisho vya wale tisa bado viko Lamu, akaenda zake bila changu. Ladha ya damu ya mume wangu sijaiosha bado. Nimesukutua mara tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Laini tisa zimekufa. Zote asubuhi moja. Mwanamkuu alidhani simu yake imeingia maji, akaiweka juani. Kisha ikawa kila nyumba yaweka simu juani.

Namba ya mtu wa kadi haipatikani. Binti yake Bi Rehema aliyeko Lamu kampigia kaka yake, Famau: kuna mikopo imetoka kwa jina la mama, na mtu aliye na sauti ya kike kampigia kumwomba pesa, kwa namba ya mama, akimwita mwanangu.

Bi Rehema kaketi chini. Kisha kasema waitwe watu wasome halubadiri, mwizi alaaniwe popote alipo. Famau kasema kisomo chachelewa, mkono hauchelewi. Nikamwuliza mkono wa nani juu ya nani, na mwizi hayupo?  Mkono wake una kitambaa.

Sikusema, "Niliwaambia." Nilitamani. Mungu anisamehe, nilitamani sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamempiga Mutua.

Niandike taratibu. Kuna aliyesema: namba zetu zilijulikana vipi? Nani asajili laini? Basi. Haikuhitaji zaidi. Mwizi ni mtu wetu, twamkumbuka na pasi ya kanzu yake, lakini wa bara yuko karibu na kibanda chake chaonekana.

Nimesikia mbao zikivunjika. Nimempa Mwanamkuu mtoto nikakimbia kichwa wazi. Simu zimekanyagwa mchangani. Mutua chini, mikono juu ya kichwa, wampiga kwa kasia. Kasia! Nimesikia mfupa. Ulivunjika kama kuni kavu. Asema "jamani, jamani, mimi nauza chaja." Mmoja kamjibu, "Leo utajichaji!" Wengine wakacheka. Hicho kicheko sitakisahau.

Mbele yao wote: Famau.

Nimejilaza juu ya Mutua. Sikufikiri. Nimepiga kelele kwamba huyu ndiye aliyetuonya, kwamba mimi nilimwuliza, kwamba niulizeni mimi. Jiwe limenipata juu ya jicho. Nimemwona aliyelitupa. Nalala naye mwaka wa nne huu.

Walipoona damu yangu wakasimama. Damu ya Mutua haikuwasimamisha. Bi Rehema kafika, mama wa watu, na fimbo yake, kampiga mwanawe nayo mara mbili mgongoni mbele ya kijiji kizima. "Una mato huoni? Una mato huoni?" Kisha kavua leso yake akanifunga kichwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeondoka na boti ya asubuhi. Mimi, Salma, na Mutua kalazwa juu ya gunia, mkono umevimba kama mguu. Bi Rehema kalipa nauli za wote wawili. Hakunizuia.

Mwanamkuu alitaka kunisindikiza anishikie mtoto. Askari gatini kaomba vitambulisho. Yeye hana. Akamrudisha. Amebaki pale amesimama, na wale wanane wengine ni hivyo hivyo: kisiwa kimewafunga mpaka wapate vingine, na wajua vyapatikanaje.

Nimefungua fundo la leso. Kililowa damu kidogo pembeni. Askari kakifuta kwa kidole, katazama picha, katazama uso wangu. Kasema, "Pita, mama."

Ijumaa, 17 Oktoba

Niko Mkomani, mjini Lamu, kwa mama mdogo. Nyuzi sita juu ya jicho. Mutua kafungwa plasta, atapona, asema akipona arudi kwao. Kituoni nimeandikisha maelezo yote mawili: ya mtu wa kadi, na ya kasia na jiwe. Ya pili yaliandikwa polepole zaidi. Nimetaja majina. Nimetaja la Famau.

Nimewapa pia majina ya wale tisa, ili mikopo ile isihesabiwe yao. Wamesema wataangalia. Nitakwenda kila Jumatatu nione wanavyoangalia.

Salma analala. Nyumba ya mama mdogo ina kuta nene, sauti ya nje haifiki. Nimekaa muda mrefu bila kusikiliza mlango.

Bi Rehema kaleta salamu kwa mtu wa boti: niseme nahitaji nini, atavifunga mwenyewe. Namwandikia hivi:

Kitabu cha kliniki cha Salma, ndani ya kabati la vyombo.
Dawa yake ya kifua, chupa ndogo.
Buibui yangu ya pili.
Nepi zote. Hata zile kuukuu.
Mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mamangu.
Cheti cha ndoa. Kiko kwenye bahasha, chini ya godoro, upande wa Famau.
Viatu vyeupe vya Salma. Kimoja kisipoonekana, ulete kilichopo.