Ndizi au Kiazi: Nani Alitangulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha chupa, nimechemsha virutubisho vya miche, nimeungua kidole. Kama kawaida. Kisha mkurugenzi kaniita: niandike historia ya taasisi yetu ya kuotesha miche kwenye chupa, niisome Ijumaa kwenye sherehe. Eti nina mwandiko mzuri. Ripoti zangu zote nachapa.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi Kiseke, kwa Mama Koku, mwanzilishi wetu. Mhaya. Kwake taasisi ilianza na ndizi: ndiyo mche wa kwanza kuota kwenye chupa. Mchana Buhongwa, kwa Mzee Masanja, mwanzilishi mwenzake. Msukuma. Kwake ilianza na kiazi kitamu. Hawajasalimiana tangu wastaafu, kwa hilo tu. Wasomi hao. Mama kanilisha ndizi, Mzee kanilisha matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Tumbo langu halina upande.

Jumatano, 5 Machi
Wamepiga simu wote wawili. Nikitanguliza ndizi, Mzee haji. Nikitanguliza kiazi, Mama haji. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe ni mimi. Nimeandika "mazao mbalimbali", nikafuta. Uoga mtupu. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadilisha swali. Sikuuliza kilichoota kwanza, nimeuliza kilichoharibu chupa ya kwanza. Mama Koku kacheka hadi kavua miwani. "Ukungu, mwanangu. Masanja alipiga chafya juu ya chupa." Mzee naye: "Ukungu. Yule mama alikuwa anasimulia habari za Bukoba, chupa iko wazi."
Basi nimeandika: taasisi yetu ilianza na ukungu. Nimewaambia wote wawili kwamba sijamtanguliza mtu. Mkurugenzi hajaiona. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja. Nimewaamkia, wameitikia marahaba huku kila mmoja akitazama ukuta wake. Nimesoma. Nilipofika kwenye ukungu watu wakatazamana. Mkurugenzi kakunja uso. Nikajua kazi sina.
Mama Koku ndiye aliyeanza kucheka. Kacheka hadi kamshika Mzee bega asianguke. Mzee hakulitoa bega. Nimefurahi mno, nimekula pilau mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Manyunyu. Upepo wa ziwa. Nimepita maabara kuangalia miche, nimewakuta wazee wangu barazani, chupa ya chai katikati yao. Wanabishana kuhusu ule ukungu. Kwa kuwa sasa ndio wa kwanza kwenye historia, kila mmoja anadai ulikuwa wake.
Sikuwaamulia. Nimeingia ndani, nimevaa koti, nimeendelea na kazi.