Kila Mmoja na Kisanduku Chake

Lidcombe, Sydney

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, kwa sababu ina nyoka ndani yake. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeiweka kabatini ingojee wageni? Na maharagwe ya shamba la bondeni yameshika, au mvua imetucheza tena? Mimi ni mzima. Baridi imeanza huku, nalala na soksi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kuna swali unaloniuliza kila mara, nami kila mara naligeuza kuwa habari za hali ya hewa. "Unakula na nani?" Leo nitakujibu, lakini niache nizunguke kidogo kwanza.

Nyumba ninayoishi ina watu, Mama, ila kila mtu ana mlango wake, na rafu yake kwenye friji, na rafu imebandikwa jina. Tukikutana jikoni tunaombana radhi na kupishana. Chakula nakibeba chumbani, nakula nimekaa kitandani, sahani mapajani. Nimezoea kila kitu cha nchi hii isipokuwa hicho. Siku nyingine nawasha redio ya simu iongee tu, nisijisikie nikitafuna.

Sasa kazi. Yule mzee ninayemhudumia mchana, Mzee Keith, mjane, fundi wa reli mstaafu ambaye mikono inamtetemeka, anafuga nyoka. Sikukuambia kwa sababu ungeniamuru nirudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni chatu, lakini tulia, ni aina ndogo ya hukuhuku, hawana sumu, na mzee ana kibali cha serikali. Mpwa wake aliye Marekani anafuga wale wanaoitwa nyoka wa mahindi, ambao hapa ni marufuku, basi kazi yao ni kubishana kwa simu nani ana nyoka wazuri. (Hawali mahindi. Nilishauliza.) Rafiki yangu Mama Furaha, Mkongo anayeishi mtaa wa Mount Druitt, niliye naye kampuni moja, nilipomwambia alipiga kelele: "Weye! Miye siwezi ingia mu ile nyumba ata banilipe mara mbili!"

Joto lilipokuwa linaisha, mayai ya jike lake yalianguliwa. Watoto wembamba kama penseli. Kila mmoja akawekewa kisanduku chake cha plastiki chenye matundu, kibakuli cha maji, na kipande cha bomba la karatasi cha kujifichia. Mzee hawezi kufungua vifuniko kwa mikono ile, kwa hiyo kazi ikawa yangu, na glavu zangu. Nilimuuliza kwa nini anawatenga ndugu wa tumbo moja. Akasema, "Ndivyo wanavyofugwa," akarudi kwenye gazeti lake.

Mmoja, mdogo kuliko wote, akakataa kula. Kila wiki nilimwekea kitoto cha panya (huuzwa vimegandishwa, vinakaa kwenye friza karibu na aiskrimu, usiniulize zaidi), na kila wiki nilikitoa kama nilivyokiweka. Na wakati huohuo mzee naye alikuwa anakataa. Chakula chake huletwa tayari kwenye trei, napasha moto, namwekea, naenda kufua. Kampuni hairuhusu tule na mteja tukiwa kazini. Nikirudi nakuta amekikoroga tu. Suruali zikaanza kumvuka. Nesi alipokuja kumpima alisema waziwazi kwamba uzito ukiendelea kushuka, atahamishiwa makao ya wazee. Huko nyoka hawaruhusiwi. Wala mimi sitakuwepo, na Mama, yule mzee ndiye mtu anayeniita jina langu kila siku. Niliogopa sana kumpoteza.

Kwa mzee sikujua la kufanya. Kwa nyoka nilijiona najua. Unakumbuka nilipougua surua nikakataa chakula, ukanikalisha kwenye sinia moja na watoto wa Shangazi Mkawasi? Hukunibembeleza. Uliniacha nione mikono ya wenzangu ikimaliza ugali, mpaka nikaingiza wangu kwa wivu. Basi nikamchukua yule mdogo, nikamtia kwenye kisanduku cha ndugu yake mlafi, nikaweka panya mmoja katikati, nikasimama pale nikitabasamu kama mtu mwenye akili.

Alishika, kweli. Alishika upande huu, ndugu yake upande ule, na mlafi akaanza kumeza: panya kwanza, kisha kichwa cha mdogo, bila kusita. Nilipiga yowe, mzee akaja akisukuma kigari chake cha kutembelea. "Kwenye bomba! Maji baridi!" Nikawabeba kwa mikono mitupu, mimi ninayekimbia mjusi, nikawashikilia chini ya maji mpaka mkubwa akaachia. Mdogo alitoka mzima.

Nilijua nimefukuzwa. Mzee alikaa, akavuta pumzi, akauliza, "Ulikuwa unataka nini?" Nikamweleza habari ya sinia, yote, mpaka jina la Shangazi. Alisikiliza, halafu akasema, "Wakesho, nyoka haoni mwenzake pale. Anaona chakula tu. Hana upweke huyo, usimhurumie." Akaniambia nimrudishe kisandukuni, nimwekee panya wake, nifunike kitambaa, tuondoke. Tulipokuja kufunua, panya hayupo. Yule mdogo alikuwa amekula peke yake gizani, na ameridhika.

Trei ya mzee ilikuwa mezani, imepoa. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nikatoa ugali na mchicha niliokuwa niende nao chumbani, nikapasha moto, nikauweka wote kwenye sahani moja kubwa, nikaketi mbele yake. Sikumbembeleza. Nilinawa nikaanza kula, tena haraka. Akawa anautazama mkono wangu ukienda na kurudi.

"Utaniachia?" akauliza.

"Ukichelewa, hapana."

Akaingiza mkono wake unaotetemeka. Tonge likamwangukia kifuani, akacheka, akaingiza tena.

Sasa zamu ikiisha tunafanya hivyo kila siku. Nesi atarudi mwisho wa mwezi na mizani yake. Tuombee.

Nisalimie Shangazi Mkawasi, umwambie sinia lake limefika Australia. Msalimie kaka Mwakio anayehangaika na shamba, na mkewe anayehangaika na Mwakio. Na mpwa wangu Mghoi, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea haya kwa vile miwani imepotea tena, mpe busu.

Ukinipigia, niulize tena nakula na nani. Jumatatu hadi Ijumaa nina jibu. Jumamosi na Jumapili bado sina, Mama. Siku hizo nipigie mkiwa mmeketi kula, uiweke simu kando ya sinia, na msinisemeshe. Niwasikie tu mkila.

Ni mimi mwanao, mwenye njaa ya nyumbani,
Wakesho